Shamba Lililokataa Kabichi

Enzi zetu mtoto akitumwa majivu alirudi na majivu. Hakuuliza ni ya nini, hakusema mgongo unamuuma, wala hakutaka kwanza aambiwe atapata nini. Leo namtuma kijana mwenye ndevu aniletee karai nyuma ya nyumba hapa Buhare, anarudi na simu mkononi, karai kalisahau, ananionyesha video ya Mchina anayelima nyanya juu ya ghorofa. Nyinyi wa rika langu mnanielewa. Nyinyi wengine someni tu, kusoma hakuumizi.

Nilikulia kijijini, kwenye rasi inayoingia ziwani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Musoma mjini. Tulikuwaga na miguu migumu kama kwato. Tulicheza rede mpaka koo likauke, tukacheza mdako kwa kokoto tulizozichagua wenyewe ufukweni, na njaa ikibana tulirudi nyumbani kula ugali wa muhogo na mtama, ule mweusi unaoshika kidole, kwa furu waliochemshwa na ndimu. Furu ni samaki wa kidole kimoja, mifupa mingi kuliko nyama. Ukimpa mtoto wa siku hizi anakuuliza kama umemchukia.

Shuleni, Ijumaa ilikuwa siku ya samadi. Kila mwanafunzi aje na ndoo ya mavi ya ng'ombe kwa ajili ya shamba la shule. Mwalimu wa zamu aliingiza mkono kwenye ndoo kukagua. Akikuta bado mabichi alisema, "Rudisha kwa ng'ombe amalizie." Tulicheka, na tulirudisha. Siku hizi nasikia mzazi analalamika kwa mwalimu mkuu kwa sababu mtoto alipewa jembe.

Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Homa ilimchukua kabla hatujaelewa kwamba anaumwa. Tulibaki watatu: mama, mimi Nyangeta, na mdogo wangu Mafuru ambaye alikuwa bado analala mgongoni kwa mama. Matanga hayajaisha vizuri, baba mkubwa, kaka yake marehemu, akaitisha kikao cha ukoo.

Huyu baba mkubwa nitamweleza kidogo, maana watu wa aina yake bado wapo ila siku hizi wanavaa suti. Alikuwa mtu wa tumbo na fimbo. Kanisani alikaa benchi la mbele, akaimba kwa sauti kuliko kwaya. Nyumbani alikuwa na wake wawili, na kikao kile kilikuwa cha kumtafuta wa tatu. Alitaka kumrithi mama.

"Mwanamke hawezi kukaa kama mti usio na mwenyewe," alisema.

Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, Mafuru mapajani. Hakuinua sauti. "Shemeji, mimi niliolewa mara moja. Nipeni pa kulima, nitalea watoto wa mdogo wako."

Baba mkubwa akacheka. Akawatazama wazee wenzake, akasema, "Sawa. Mpeni shamba la bondeni."

Wazee wengine wakainamisha nyuso. Kila mtu alilijua shamba la bondeni. Lilikuwa la baba mkubwa mwenyewe. Alilima pamba pale miaka na miaka, na kila msimu alimwaga mbolea ya SA, ile ya chumvichumvi nyeupe, akiongeza na kuongeza kadiri pamba ilivyopungua, kama mlevi anayetibu kichwa kwa pombe. Mwisho pamba iligoma. Akajaribu mahindi, yakatoka njano. Akaliacha. Hata mbuzi walipita pale bila kusimama.

"Ukishindwa," baba mkubwa akaongeza, "utarudi kwenu. Watoto watabaki. Watoto ni wa ukoo."

Mama aliitikia kwa kichwa tu. Mimi nilikuwa mlangoni, na nakumbuka nilimshika Mafuru mguu kana kwamba wanamchukua saa ile.

Tulipanda kabichi. Mama alichagua kabichi kwa sababu gulio la Bunda lilikuwa linazitaka, na maji ya kumwagilia yalikuwa karibu. Tulibeba ndoo asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Miche ilishika, ikatoa majani, halafu ikasimama. Majani yakaingia zambarau pembeni. Jua likipanda yananyauka hata kama udongo umelowa. Kabichi iliyojitahidi kuliko zote ilifunga ukubwa wa ngumi ya mtoto. Mama alipong'oa mche mmoja, mizizi ilikuwa imevimba na kupindapinda kama tangawizi.

Kijiji kikapata la kusema. Shamba lina laana. Marehemu amekasirika. Mjane ana mkosi. Dada mmoja wa kwaya alikuja mpaka nyumbani kumwambia mama kwamba pengine Mungu anamwonyesha njia ya kwenda kwa shemeji yake. Mama akamkaribisha uji, akamsikiliza mpaka mwisho, akamsindikiza vizuri. Alipotokomea, mama akasema, "Mungu akitaka kuniambia kitu ananijua jina, hatumi huyu."

Aliyetuokoa hakuwa malaika. Alikuwa bwana shamba wa kata, mtu mwembamba mwenye pikipiki iliyopiga kelele kuliko ilivyokimbia. Tulimwita Bwana Manyama. Mama alimfuata mwenyewe, akiwa amebeba mche mmoja wa kabichi na udongo kwenye kopo. Siku ya pili akaja shambani. Alichimba sehemu mbalimbali, akachanganya udongo kwenye bilauri na maji ya mvua, akauacha utulie. Halafu akaniita.

"Binti, kata ndimu."

Nikakata. Akatoa kikaratasi cha bluu mfukoni, akakichovya kwenye ndimu. Kikawa chekundu. Akachukua kingine, akakichovya kwenye yale maji ya udongo. Nacho kikaanza kuwa chekundu, polepole, kuanzia pembeni.

"Umeona? Shamba lenu ni chachu. Hakuna laana hapa. Ile SA ya miaka yote ndiyo imelichachusha."

Mama akauliza, "Sasa nikiongeza mbolea?"

"Ukiongeza ileile unaongeza ugonjwa. Sikiliza, mama. Chakula kimo humuhumu, ila uchachu umekifungia. Ni kama kuwa na kabati limejaa unga na ufunguo umepotea. Unahitaji chokaa."

Chokaa ya kilimo, wakati ule, ilikuwa kitu cha kusikia. Bwana Manyama alisema angeulizia Musoma, akaulizia kweli, akarudi mikono mitupu. Ndipo akatuambia tutumie tulicho nacho. Majivu ya kuni, makavu, yasiyonyeshewa mvua. Na magamba ya kome wa ziwani, tuyachome kwanza, tuyasage yawe unga. Tumwage, tuchanganye na udongo kwa jembe, tukae. Samadi ije baadaye, wiki kadhaa mbele, isikutane na majivu mabichi maana nguvu yake ingepotea hewani. Na tusitegemee muujiza msimu wa kwanza.

Basi hapo ndipo utoto wangu ulipogeuka kuwa wa majivu.

Wenzangu mnaokumbuka mialo ya zamani, pale mitumbwi iliposhusha samaki, mnakumbuka majiko ya kukaushia samaki, yale ya udongo, yenye moshi unaokaa kwenye nywele mpaka Jumapili. Nilipita kila jiko. Nilipita kwa wapika gongo, ambao hawakupenda mtoto wa kanisani awaone, wakanipa majivu haraka ili niondoke. Nilipita kwenye tanuri za matofali. Nilijua kuni ipi inatoa majivu meupe mepesi na ipi inatoa mazito ya kijivu. Nilirudi nimepauka mpaka kope. Shuleni waliniita Mzuka. Wavulana walikuwa wakiniona wanapiga chafya za uongo, darasa zima linacheka, na mimi nacheka nao maana ukilia ndiyo umekwisha.

Kome tuliwaokota Jumamosi, mimi na mama, maji yakiwa yametulia. Tuliyachoma magamba mpaka yakawa meupe na kuvunjika kirahisi, halafu tukayatwanga kwenye kinu, tumejifunga vitambaa puani. Lile vumbi linakausha midomo. Mpaka leo nikinusa chokaa mpya ukutani, ulimi unakauka wenyewe. Na kila jioni baba mkubwa alipita njiani na fimbo yake, anasimama.

"Leo mnapika nini? Mawe?"

"Karibu, shemeji," mama anajibu, mchi haupumziki.

Tulimwaga kabla ya vuli. Lile shamba jekundu likawa na madoa ya kijivu kama ng'ombe mwenye ukurutu. Tukalima, tukageuza, mvua ikanyesha. Hatukupanda kitu. Hebu fikirieni. Mjane aliyeambiwa akishindwa ananyang'anywa watoto anaacha shamba lake tupu, kwa kusudi, huku majirani wanapalilia. Tulikula kwa mama kuuza dagaa wa kununua mwaloni na kulima vibarua mashamba ya watu. Kuna siku tulikunywa uji wa mtama mchana na usiku. Mama hakueleza, nasi hatukudai maelezo. Siku hizi ukichelewesha chipsi mtoto anasema ana msongo wa mawazo.

Baadaye ilikuja samadi. Ile ya Ijumaa shuleni ilinifundisha, nikawa mkaguzi mimi mwenyewe. Kwa wafugaji nilikuwa naingiza mkono kwanza. Ndipo mama akapanda, nusu ya shamba tu. Mchicha ulitoka. Nasema ulitoka kwa sababu siku ile Mafuru, ambaye sasa alikuwa anatembea, alikaa chini katikati ya tuta akaanza kuula mbichi. Vitunguu vilifuata, vidogo lakini vyekundu na vikali. Nyanya za upande wa chini zilikufa, Bwana Manyama akasema kule uchachu bado, tuongeze. Tukaongeza. Msimu uliofuata tulipanda kabichi.

Nitawaambia kitu ambacho vijana hawakijui, kwa sababu kabichi wanaiona imeshakatwakatwa pembeni ya chipsi. Kabichi ikifunga vizuri inalia. Ukiibana kwa viganja viwili asubuhi, umande ukiwa bado, inalia kama kiatu kipya. Mama alipita tuta moja hadi jingine akizibana. Alipofika mwisho akarudi tena mwanzo akazibana upya.

Tulizipeleka Bunda juu ya lori la pamba, mimi nimekaa juu ya magunia. Wanawake wa gulioni walizigonga kwa vidole, wakauliza zimetoka wapi. Mama akataja kijiji chetu. "Kule? Si mnalimaga mihogo tu?" Nilitaka kuwaambia habari ya ndimu na kikaratasi, mama akanifinya.

Sasa nyinyi mnadhani baba mkubwa alikuja kumpongeza. Alikuja, kweli. Aliitisha kikao kingine. Akavaa koti. Akawaambia wazee kwamba shamba la bondeni ni shamba la ukoo, kwamba alilitoa kwa muda tu, kwa huruma, na kwamba sasa mwanawe mkubwa anaoa anahitaji pa kulima. Hakuona aibu. Watu wa tumbo hawana mahali pa kuweka aibu, pameshajaa.

Nilijua tumekwisha. Mzee mmoja alimwuliza mama kama ana neno. Mama akasimama, safari hii hakukaa kwenye mkeka.

"Shamba achukue," alisema.

Watu wakaguna. Baba mkubwa mwenyewe alishtuka.

"Achukue leo, na kabichi zilizobaki. Lakini kikao kile mlisema nikishindwa watoto watabaki hapa. Nyie wote mlikuwepo. Naomba mmoja wenu asimame aseme nimeshindwa."

Hakusimama mtu. Baba mkubwa akafungua mdomo, yule mzee akamzuia kwa mkono. "Wewe unataka shamba au unataka watoto? Chagua kimoja." Akatazama huku, akatazama kule. Akachagua shamba. Mbele ya ukoo mzima, aliyekuwa anaimba kuhusu wajane na yatima kila Jumapili, alichagua udongo.

Wiki ileile tulihamia huku Buhare. Mama alipata kipande pembezoni mwa mji, udongo mbaya, hakuna aliyeutaka. Tukaanza tena majivu. Watoto wa mjini nao walitafuta jina la kuniita, lakini nilikuwa nimeshazoea, halikunishika. Mafuru alisoma kwa kabichi, mimi nilisoma kwa kabichi, nyumba hii ninayoandikia ni ya kabichi. Baba mkubwa alivuna vizuri misimu michache, akaona mavuno hayaongezeki haraka kama tamaa yake, akarudi kwenye SA. Alipokufa shamba lilikuwa limeshakufa kabla yake.

Na sasa nifike leo.

Mwaka huu alinipigia simu kijana anaitwa Bwire. Ni mjukuu wa baba mkubwa. Ana shahada, ana buti za mpira za njano zisizo na tope, na ana kundi la WhatsApp linaitwa Mabosi wa Shamba. Amerithi shamba la bondeni. Alinitumia picha za jani moja kutoka pande zote kama ni bibi harusi.

"Shangazi, shikamoo. Hizi kabichi zina shida gani? Nimeshapuliza busta za majani tatu tofauti."

Nilipokuza picha nikaona ile zambarau. Nilicheka mpaka nikakaa. Nikamwambia apime udongo, siku hizi vipimo vipo, havihitaji ndimu. Akapima, jibu likaja lilelile. Nikamwambia anunue chokaa ya kilimo, ipo kwenye maduka ya pembejeo Bunda, mifuko imepangwa mpaka dari. Aimwage kabla ya vuli, achanganye, asubiri.

"Nisubiri nikifanya nini?"

"Ukisubiri."

"Shangazi, hakuna ya kupuliza?"

Nilikata simu. Nikaenda kumsimulia mama, ambaye sasa macho yamefifia na anashinda uani akichambua mchicha kwa vidole. Nilimsimulia kwa raha. Nilimwambia shamba la shemeji yake limelipa deni, limemgomea hadi mjukuu. Nilidhani tutacheka wote.

Mama akaendelea kuchambua. "Kijana wa watu amekula hasara?"

"Amekula, na ale tena."

"Nyangeta, huyo hakukaa kwenye kile kikao. Hata baba yake alikuwa bado kijana. Nenda ukamsaidie."

"Mama, walitunyang'anya!"

"Walichukua shamba, wakaniachia nyie. Nani alinyang'anywa?"

Basi nikaenda. Mwanamke wa umri wangu, na goti langu bovu, nikapanda gari na mifuko ya chokaa mpaka rasi ile ambayo sikuikanyaga tangu tulipohama, ila kwa misiba. Barabara sasa ni nzuri, mwendo ni wa dakika. Mialo imebadilika, majiko mengi ya udongo yamebomoka. Pale tulipokuwa tunaokota kome pana baa yenye spika kubwa. Bwire alinipokea na wenzake wawili wa lile kundi, wote na miwani ya jua. Nilivua viatu. Nilifungua mfuko wa kwanza nikaanza kumwaga, na ule unga mweupe ulipopanda ulimi wangu ukakauka mara moja, nikawa mtoto wa darasa la nne.

Nikageuka kuwaambia washike mfuko wa pili. Walikuwa wananipiga video.

"Shangazi, rudia ile ya kwanza," Bwire akasema, "mkono haukuonekana vizuri."

Nilimrudishia jembe alilonipa nilipofika, na wenzake nikawaambia washike yao. Nilisimama pale mpaka wakamaliza shamba zima, miwani imeingia vumbi, buti za njano hazina tena rangi. Walilalamika muda wote, lakini walimaliza. Na nilipokuwa nawatazama nilijiuliza kama kweli sisi tulikuwa bora kuliko wao, au tulikuwa tu hatuna simu ya kutuambia kuna mahali pengine. Sisi chokaa tuliitwanga kwa mchi, gunia moja lilikula Jumamosi nyingi. Wao inashushwa kwenye gari kabla chai haijapoa. Sisi tulisubiri mvua tukiwa na njaa, kwa sababu nje ya lile bonde hatukuwa na kitu. Wao wana Mwanza, wana Dar, wana mitandao, na udongo ukiwakataa msimu mmoja wanaupa kwaheri.

Vuli imeanza juzi. Bwire amenitumia ujumbe asubuhi hii kwamba kundi limeamua kuhamia kufuga sungura, lakini yeye anaona akae kidogo na lile shamba aone.

Nimemjibu kwa neno moja: Kaa.